Kuku Anapochechemea

Uwe Njombe mjini umesogelea jiko la mkaa, uwe njia panda ya Makambako unasubiri gari la Songea, karibu tuzungumze. Leo siendi kwa ng'ombe wala kwa nguruwe. Nakwenda chini kabisa, kwenye unyayo wa kuku.

Najua yupo anayecheka. Kuku ana kideri, ana ndui, ana mafua, juu kuna mwewe na chini kuna kicheche, halafu mtu anachukua muda wa redio kuzungumzia unyayo! Ndiyo, nauchukua, kwa sababu kideri kinajitangaza chenyewe. Kikiingia, ndani ya siku chache banda limelala na mtaa mzima una habari. Kidonda cha unyayo hakijitangazi. Kuku anakula, anataga, anawafukuza wenzake kwenye chombo cha chakula. Asubuhi moja unamkuta amesimama kwa mguu mmoja, unasema ni baridi. Hapa kwetu baridi inasingiziwa mambo mengi. Wiki kadhaa baadaye anachechemea, mayai yamepungua, na ukimgeuza unakuta chini ya mguu pamevimba, katikati pana doa jeusi gumu lililoshikamana na nyama.

Hicho ndicho kidonda ninachokisema. Kinaletwa na bakteria, mara nyingi wale wanaoitwa stafilokokasi, ambao wanaishi kwenye ngozi ya kuku, na kwenye ngozi na pua zetu sisi watu pia, bila kumsumbua mtu. Kazi yao ni kungoja mlango. Mlango ni mkwaruzo tu: kibanzi cha mbao, mwiba, ncha ya waya, kipande cha chupa, au ngozi iliyolainika kwa kukanyaga unyevunyevu mchana kutwa. Wakishaingia, mwili wa kuku unajitahidi kuwazungushia ukuta. Na hapo ndipo kuku anapoachana na mimi na wewe. Jipu la mtu likiiva linatumbuka, usaha unatoka. Usaha wa kuku hautiririki. Unaganda ndani kwa ndani, ukawa mkavu na mgumu kama kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi, ukakaa humo humo kwa miezi. Kinachomuumiza kuku wako basi ni tonge gumu, na tonge gumu halikamuliwi. Nitalirudia hili baadaye, kwa sababu ndilo linalosahaulika mtu akishashika wembe.

Lakini kabla hujachemsha maji, hakikisha unatibu kinachouma. Kuku wengi wanaochechemea hawana kidonda hata kidogo. Mkamate usiku, wakati ametulia, mfunike kichwa kwa kitambaa, mgeuze, mulika unyayo kwa tochi. Ukiwa safi, tafuta kwingine. Kuku kijana wa miezi michache aliyelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huenda hiyo ni mareksi, na mareksi haina dawa. Chanjo yake hupewa kifaranga cha siku moja. Anayepinda shingo na kuharisha kijani, huku wenzake wanaanguka mmoja mmoja, hicho ni kideri: mpigie afisa mifugo wa kata usiku huo huo, na unyayo uachane nao. Na kama bado hujazoea kuchanja kideri kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, basi anza na hilo kwanza. Chanjo inayostahimili joto inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na ni rahisi mno ukilinganisha na banda lililokwisha.

Kuna jambo lingine ambalo sijawahi kulikuta kwenye vitabu vya ufugaji, ingawa nyuma ya nyumba zetu liko kila siku. Nyuzi. Dada zetu wanasukana kibarazani, vipande vya rasta vinabaki vimetapakaa. Kiroba cha mahindi kinachanika, nyuzi zake zinazagaa uani. Kuku anapekua, uzi unajizungusha kwenye kidole, kila hatua unakaza. Unakata damu. Kidole kinavimba, kinakuwa cheusi, mwisho kinadondoka chenyewe, na mwenye kuku anasema ni ugonjwa. Dawa yake ni mkasi mdogo, maji ya vuguvugu na subira ya kutoa uzi mmoja mmoja, maana mara nyingi umezama ndani ya nyama na hauonekani mpaka uoshe. Ukimaliza, fagia uwanja.

Na kuna magamba. Haya watu huyachanganya sana na kidonda cha unyayo, kumbe yako juu, kwenye muundi, mahali pale penye vigae vigae. Vigae vinainuka, vinapata ukoko mweupe, mguu unanenepa. Huo ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unachimba chini ya vigae na kuishi humo. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, usibandue kwa nguvu ukamtoa damu, kisha paka mafuta mazito ya mgando mguu mzima ili utitiri ukose hewa. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki tatu au nne, na wapake wote wanaolala pamoja, kwa kuwa unahama kutoka mguu hadi mguu. Tafadhali, oili chafu ya gari acha. Mafuta ya taa matupu acha. Vinaua utitiri, ni kweli, na vinachoma ngozi vilevile. Kuku anayeatamia usimpake mafuta yoyote mpaka atotoe: mafuta yakigusa ganda yanaziba vitundu vyake, na kifaranga kilichomo kinakosa hewa.

Turudi kwenye unyayo wetu. Unaweza kuuliza, kwa nini nalizungumzia hili kwa watu wa Njombe na Makambako? Kwa sababu sisi tuna namna yetu ya kuumiza miguu ya kuku. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ni mkoa wa mbao. Misonobari, milingoti na miwati imetuzunguka. Banda la kuku hapa halijengwi kwa miti na udongo peke yake, linajengwa kwa mabanzi. Banzi ni rahisi, linazuia upepo wa Juni na Julai, sina ugomvi nalo. Ila banzi halijapigwa randa. Lina vibanzi vinavyochoma, na misumari tunayopigilia tukiwa na haraka inatokeza upande wa pili, ule ambao sisi hatuuoni na kuku ndiye anayeuona. Pitisha kiganja chako taratibu kwenye fito za kulalia na kwenye mlango wa banda. Panapokukwaruza wewe, kuku anapapita mara kumi kwa siku.

Kisha maranda. Mfugaji wa Dodoma angetuonea wivu: sisi tunayapata kwa gunia kwenye mashine za randa, pengine kwa kuomba tu. Lakini si kila kinachotoka kwenye mbao ni tandiko. Yanayofaa ni yale maranda makavu yaliyojikunja, yanayotoka kwenye randa. Unga wa msumeno haufai. Unarusha vumbi, vifaranga wanaula, na ukilowa unashikana kuwa tope. Maranda yaliyolala nje ya mashine yakanyeshewa nayo usiyabebe hata ukipewa bure, yana ukungu, na ukungu huo unakwenda kwenye mapafu. Na lililo kubwa kuliko yote: uliza mbao zilizorandwa zilikuwa za namna gani. Hapa kwetu nguzo za umeme na mbao za kupaulia hutiwa dawa ili zisiliwe na mchwa, na dawa zinazotumika sana kwa kazi hiyo zina shaba, kromiamu na aseniki. Maranda ya mbao hizo si tandiko la kuku wala la mnyama yeyote.

Halafu baridi yenyewe. Tunaziba kila tundu ili kuku wasipigwe na upepo, kisha tunashangaa mbona banda linanuka mpaka machozi yanatoka. Ile harufu ni amonia ya mbolea iliyolowa. Inaunguza macho, inaunguza koo, na tandiko lililolowa linaunguza nyayo. Hapo hata msumari hauhitajiki, ngozi inalainika na kupasuka yenyewe. Acha nafasi juu, chini ya paa, hewa chafu itoke. Ziba chini, usawa wa kuku. Baridi kavu kuku mwenye manyoya anaiweza kuliko unyevu wa joto.

Mwisho wa lawama ni uzito. Kuku wa kienyeji asilia ni mwepesi, anapanda mtini na kushuka kwa mabawa. Siku hizi wengi tuna chotara: Kuroiler, mbegu iliyotokea India, na Sasso ya Ufaransa, ambayo vifaranga vyake hutotolewa kwa majirani zetu Iringa. Ni kuku wazuri, sisemi vibaya. Ila jogoo wake anapita kilo tatu, na sisi tumemwekea fito juu kabisa karibu na bati kwa sababu ndivyo bibi alivyofanya. Kila alfajiri anaruka, anatua kwa kishindo juu ya unyayo ule ule. Mshushie fito ifike magotini mwako au chini ya hapo. Ichonge iwe ya mviringo, unene wa kushikika vizuri na vidole vyake, isiwe mbao ya pembe nne yenye kona kali.

Sasa tiba, na nitakwenda polepole ili mwenye kalamu aandike.

Kwanza angalia kidonda kimefika wapi. Unyayo mwekundu unaong'aa, au wenye doa jeusi dogo na uvimbe mdogo, kuku bado anakanyaga: huyo anatibika nyumbani. Uvimbe uliopanda mpaka katikati ya vidole, unyayo wa moto, kuku hataki kukanyaga, au kifundo cha juu kimevimba: huyo amekwisha kuvuka mpaka wa sebule yako. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, au fanya uamuzi mwingine nitakaoutaja.

Wa nyumbani mtenge, kwenye boksi au tenga lenye tandiko safi na kavu, bila fito. Vaa glovu, kama huna, mifuko ya nailoni mikononi inatosha. Usifanye hivyo kwa uungwana tu. Bakteria hawa hawachagui, na mkono wenye mchubuko wa kumenya viazi ni mlango mzuri kwao. Weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, yale unayoweza kumwogeshea mtoto mchanga. Tia chumvi ya kawaida, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Ukipata chumvi ya haluli duka la dawa ni sawa pia, lakini usiahirishe kazi kwa kuitafuta. Mwogeshe miguu kwa sabuni kwanza, maana mguu wa kuku una kila kitu alichokanyaga, kisha mloweke dakika kumi mpaka kumi na tano. Anatulia kuliko unavyodhani. Mkaushe kwa kitambaa safi, paka dawa ya ayodini ile ya kahawia inayouzwa duka la dawa, funika kwa kipande cha pamba au shashi, zungusha bandeji ikipita katikati ya vidole.

Bandeji isibane. Baada ya saa moja rudi umguse vidole: vikiwa vimevimba au vya baridi kuliko vya mguu mwingine, fungua ufunge upya. Loweka kila siku, badilisha bandeji kila ulowekapo. Baada ya siku kadhaa, doa jeusi likilainika, linaweza kuachia lenyewe, na lile tonge likatoka nalo. Likitoka bila kuvutwa, shukuru, osha shimo, paka ayodini, endelea kufunga mpaka ngozi mpya ifunike. Lisipotoka, liache.

Hapo ndipo wembe unapoingia, na hapo ndipo ninapogombana na watu. Kwenye simu zetu kuna video nyingi za mtu anayepasua unyayo wa kuku na kuchomoa kile kitu, na video inaisha kabla hatujaona kuku aliamkaje kesho yake. Unyayo una mishipa ya damu na una kano zinazokunja vidole. Kuku hajapigwa ganzi, anatapatapa, wembe umeokotwa dirishani. Ukikata kano, kidole hakikunji tena. Usipoikata, umewafungulia bakteria njia ya kwenda kwenye mfupa. Daktari wa mifugo anaifanya kazi hiyo, kwa ganzi na kisu kisafi, na anajua pa kuishia. Wewe na mimi tunajua pa kuanzia tu.

Na dawa za kumeza? Mama mmoja akiniuliza swali hili, wenzake kumi wamekwisha kujibu: fungua tetrasaiklini rangi mbili, mwagia juu ya kidonda, nyingine tia kwenye maji. Unga uliomwagwa juu hauingii ndani ya tonge lililozungushiwa ukuta. Ule uliotiwa kwenye maji umenywewa na kuku ishirini wazima kwa sababu ya mmoja mgonjwa, kila mmoja kipimo asichokijua mtu, na bakteria walionusurika wamejifunza. Siku mtoto wako atakapougua na dawa ikagoma, hutakumbuka kile kidumu cha maji bandani. Antibiotiki zina mahali pake kwenye ugonjwa huu, hasa uvimbe unapopanda, lakini zitoke kwa mtaalamu aliyemwona kuku, kwa siku zote alizoandika, na umuulize siku za kusubiri. Siku hizo zote mayai hayaliwi wala hayauzwi. Kuyapeleka sokoni kwa sababu mnunuzi hajui ni kumlisha mwenzako dawa bila ridhaa yake.

Ile dawa ya zambarau, jivii, nayo naulizwa sana. Iweke pembeni. Umoja wa Ulaya hauruhusu itumike kwa mnyama wa kuliwa, na ayodini inafanya kazi ile ile. Mwarobaini tunaletewa kutoka mikoa ya joto, kwa baridi yetu hausitawi, na sijaona ukiyeyusha tonge. Shubiri haina madhara kwenye ngozi ya juu, ukitaka paka, lakini osha kwanza.

Anapokuwa kwenye tenga, mpe majani. Hili halisemwi vya kutosha. Sisi tunalisha pumba za mahindi meupe, na mahindi meupe karibu hayana kitu cha kumpa kuku vitamini A. Kuku anayezurura anajitafutia kwenye nyasi. Aliyefungiwa miezi yote ya masika hana pa kuipata, na vitamini hiyo ikipungua ngozi ya unyayo inakauka, inapasuka, haiponi upesi. Tundika fungu la mchicha, chainizi au majani ya kabichi, ya nje yale unayotupa. Karoti iliyokwanguliwa pia. Kwa kuwa tuko Njombe lazima niseme na la parachichi: maganda, kokwa na majani yake yana sumu inayoitwa pesini. Kuku anaivumilia kuliko kasuku au mbuni, lakini hakuna sababu ya kumjaribu. Maganda ya viazi yaliyogeuka kijani nayo yaende kwenye shimo la mboji.

Nilisema kuna uamuzi mwingine. Kuku mmoja aliyevimba hadi kifundo, akipelekwa kwa daktari, akapasuliwa, akapewa dawa na kutotaga wiki kadhaa, anaweza kukugharimu kuliko thamani yake. Kama ni jogoo wa mbegu au kuku wa kumbukumbu ya marehemu mama, hesabu ni yako, sitaiingilia. Kama ni kuku wa kawaida na anateseka, mchinje. Kama amenona, anakula vizuri, na uvimbe uko mguuni peke yake, kata mguu juu ya kifundo, utupe, nyama iliyobaki ipikwe iive. Kama amekonda, vifundo viwili vimevimba, na ini ukilitoa lina madoa, mzike mbali na mbwa. Na ule mguu usiende kwenye sufuria. Najua supu ya miguu inavyopendwa stendi ya Makambako usiku, malori ya Tunduma yakiwa yamesimama. Duniani miguu ya kuku ni biashara nzito: China ilipofungua tena mlango kwa kuku wa Marekani mwezi Novemba 2019, miguu ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa na wauzaji kuliko vifua. Lakini stafilokokasi huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, na mnywa supu hawezi kuona kidonda kilichokwisha kukatwa.

Aliyepona utamjua kwa ngozi: imefunga, haina wekundu, na anakanyaga bila kufikiri. Usimrudishe mchana. Amekaa nje siku nyingi, wenzake wamekwisha kupanga nani mkubwa, watamdonoa. Mrudishe usiku, mpandishe kwenye ile fito uliyoishusha, kati ya wawili waliolala. Na kwa kuwa tochi unayo na kuku wametulia, geuza nyayo za wengine watatu wanne walio karibu, hasa wale wazito. Kesho asubuhi mbebee huyo mgeni maji yake ya kwanza mahali asipogombaniwa.